Ukiwa na mgeni kutoka Guangdong, mpeleke Hurlingham

Wafanyabiashara wenzangu wa Kamukunji huniuliza mwenye kiwanda wa China anayetuuzia mzigo akija Nairobi tumlishe wapi. Siku hizi nina jibu moja: mgahawa wa Kichina ulio Hurlingham, kwenye kinjia kinachochepuka kutoka Argwings Kodhek. Kibao chake kimeandikwa kwa herufi za Kichina peke yake, kwa hivyo mwambie dereva atafute geti jeusi lenye taa mbili nyekundu za kuning'inia, na askari aliyeketi chini ya mjakaranda. Chakula ni kizuri, nitakifikia. Lakini hela yangu naipeleka pale kwa sababu ya adabu ya meza. Sijaona mahali pengine mjini ambapo wahudumu wanajua kazi ya mwenyeji na wanamsaidia kuifanya bila yeye kuonekana anasaidiwa.

Mimi nauza vyombo: masufuria, sinia, birika, hotpoti. Mzigo wangu hutoka Chaozhou, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, ambako kuna mji unaoitwa Caitang uliojaa viwanda vya vyombo vya chuma kisichoshika kutu. Watu wa huko hawakupi mzigo kwa mkopo eti kwa sababu una makaratasi mazuri. Watakuangalia kwanza unavyomkalisha mzee, unavyopokea kikombe, unavyomalizana na bili. Ukitoka hapo ndipo mnazungumza siku thelathini au sitini za kulipa. Kwa hivyo ninapotathmini mgahawa wa kumpeleka mgeni wa aina hiyo, nauliza swali tofauti na la mtu aliyetoka kula tu na jamaa zake Jumamosi.

Ukipiga simu kuweka nafasi, msimamizi atakuuliza mko wangapi, mkubwa wenu ni nani, na wageni wanatoka mkoa gani. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nimwamini. China ni kubwa, na meza ya Harbin, kaskazini, haiandaliwi kama meza ya Chaozhou. Ukifika, unapandishwa chumba cha juu chenye meza ya duara na kioo kinachozunguka katikati. Kiti kinachotazama mlango ndicho cha heshima, na pale wanakitambulisha kwa kitambaa kilichokunjwa kirefu kuliko vingine. Mhudumu hamkalishi mtu yeyote. Anashika kidogo mgongo wa kile kiti, anakuangalia wewe mwenyeji, kisha anarudi nyuma. Kazi ya kumwongoza mgeni ni yako.

Mgeni atakataa. Atasema kaa wewe, mimi nitakaa hapa pembeni, na atamsukuma mwenziwe aende badala yake. Huo ni ustaarabu, wala hajakerwa. Endelea kumbembeleza hadi akubali, na usikae mpaka mkubwa amekaa. Kilichonifurahisha ni kwamba wahudumu wanajua mvutano huu una mwisho wake, kwa hivyo wanausubiri, mikono imefumbatwa mbele, bila mtu kuingilia na menyu. Nilishaenda hoteli nyingine ya bei kubwa, ambayo sitaitaja, weita akamkalisha mzee wa watu mgongo ukielekea mlango, pale pale sahani zinapoingilia. Hicho ndicho kiti cha chini kabisa mezani. Mzee hakusema neno. Alikula, akashukuru, akajibu maswali yangu kwa neno moja moja mpaka tukaagana.

Wahudumu wengi wa hapa Hurlingham ni vijana wetu Wakenya, na mafunzo waliyopata yanaonekana mikononi. Kikombe, menyu, kadi, kitambaa cha moto, vyote vinatolewa kwa mikono miwili. Hawamwiti mtu kwa kidole. Wakimwita mwenzao kutoka upande wa pili wa chumba, kiganja kinatazama chini na vidole vinavuta hewa, namna ile ile tunavyoitana sisi. Nadhani ndiyo maana wameshika haraka. Mtoto aliyelelewa kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha hahitaji kufundishwa mara mbili kwa nini mkono mmoja hautoshi. Tofauti iko kwenye salamu. Sisi tunashikana mkono tukauning'iniza humo mpaka habari za nyumbani ziishe. Mgeni wa Kichina, hasa mtu mzima, anataka mkono mwepesi, wa muda mfupi, na kichwa kuinama kidogo. Kukumbatiana hakuna. Vijana hawa wanalijua hilo, na hakuna anayempigapiga mzee mgongoni.

Sasa chai. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo wanapowazidi wote.

Kabla ya chai yenyewe, mhudumu huleta birika la chai ya moto na bakuli kubwa la kioo, anaviweka mezani na kuondoka. Watu wa Guangdong wana desturi ya kusuuza vyombo vyao kabla ya kula: unamimina chai ya moto kwenye kikombe, unakizungusha, unaimwaga kwenye bakuli lako dogo, unasuuza kijiko na ncha za vijiti vya kulia, kisha maji yote yanaishia kwenye lile bakuli kubwa. Mgeni akianza kufanya hivyo, haimaanishi anashuku jiko. Ni kama sisi na jagi na beseni kabla ya ugali: hata kama umetoka kuoga, utanawa. Kuna mahali mjini niliona weita akisimama mlangoni amenuna, akisema vyombo vyao ni safi, madam. Hapa bakuli linakuja kabla hujaliuliza na linaondolewa kabla halijawa kero.

Kisha mnahamia kwenye meza ndogo karibu na dirisha kunywa chai ya Chaozhou. Kuna sinia yenye matundu, kibirika cha udongo kinachotosha kiganjani, na vikombe vitatu. Vitatu tu, hata mkiwa watano. Majani ni dancong, aina ya chai ya mlima Fenghuang, marefu na meusi, yanayonukia kama ua lililoanikwa. Kibirika hujazwa majani tele, maji yanayochemka yanapanda mpaka povu linatoka, na povu hilo linakwanguliwa kwa kifuniko. Maji ya kwanza hayanywewi, yanapasha vikombe. Baada ya hapo mmiminaji anazungusha kibirika juu ya vikombe vyote vitatu bila kusita, raundi baada ya raundi, ili kimoja kisiwe kizito na kingine chepesi, na yale matone ya mwisho yenye nguvu anayagawa tone kwa tone. Wenyewe wana majina ya majemadari wa kale kwa hatua hizo mbili: ya kwanza ni Guan Yu anayezunguka mji, ya pili ni Han Xin anayehesabu askari wake.

Vikombe vikiwa vitatu na watu watano, lazima mtu amwachie mtu. Mkubwa anapewa kwanza, naye anamsukumia mgeni, mgeni anamrudishia. Aliyekunywa anarudisha kikombe, kinasafishwa kwa maji ya moto palepale, na zamu inayofuata wanakunywa waliongoja. Mimi nimependa sana mpango huu. Katika saa nzima ya kunywa chai hiyo hakuna anayeweza kujifikiria peke yake.

Mtu akikumiminia, unagonga meza taratibu kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ni shukrani, na inafaa kwa sababu haikatizi mazungumzo. Hadithi inayosimuliwa ni ya mfalme Qianlong, aliyetawala China kuanzia 1735 hadi 1796. Alikuwa akizunguka kusini amevaa kama mtu wa kawaida, akammiminia chai mmoja wa watumishi wake. Mtumishi alipaswa kupiga magoti na kuinamisha kichwa hadi sakafuni, lakini angefanya hivyo angemfichua bwana wake, kwa hivyo akavikunja vidole vikapiga magoti badala yake. Ni hadithi ya kupokezana, lakini desturi yenyewe utaiona kila meza ya Guangdong. Mdogo anayemshukuru mkubwa wakati mwingine hugonga kwa ngumi iliyofumbwa, na mkubwa akimshukuru mdogo kidole kimoja kinatosha.

Msichana anayehudumia chumba cha juu anajua haya kiasi cha kunishangaza. Anapomiminia wageni, anaacha nafasi juu, kama sehemu saba kwa kumi, maana kikombe kilichojaa hadi ukingoni kinamchoma mgeni vidole na kinasomeka kama ishara ya kumfukuza. Akiweka birika chini, halitui tu. Analizungusha kidogo kwa vidole viwili mpaka mdomo wake utazame ukuta, usimwelekee mtu yeyote aliyeketi. Mgeni akisogeza kifuniko cha birika kikakaa upande, msichana huyo anaingia na maji ya moto bila kuitwa. Mzee wangu wa Chaozhou, mgeni niliyempeleka pale usiku mmoja, aliligundua hilo la kifuniko. Alimtazama msichana, akamgongea meza vidole viwili, yeye mzee, kwa kijana wa Kikenya, tena kwa makini. Msichana akainamisha kichwa, akatoka. Mimi nilijua kwamba usiku huo umeshanyooka.

Chakula nitakieleza kwa ufupi. Bata wa kuchemshwa polepole kwenye mchuzi wa soya na viungo ni mzuri sana. Kwao Chaozhou wanampika bata bukini hivyo, lakini bata wa kawaida anajitahidi. Yai la kukaanga na chaza lina mafuta mengi kupita kiasi. Samaki ndiye wa kuagiza: chewa mzima kutoka Mombasa, wa mvuke, tangawizi na kitunguu cha majani juu. Analetwa akiwa na kichwa na mkia, na mhudumu anakizungusha kioo mpaka kichwa kimwelekee mgeni wa heshima. Huyo ndiye anaanza. Upande wa juu ukiisha, msimgeuze samaki. Watu wa pwani ya kusini mwa China hawapendi, kwani samaki anayepinduliwa anawakumbusha jahazi linalopinduka. Mhudumu anaingia, anaunyanyua mfupa wote kwa uma na kijiko, mnaendelea na nyama ya chini.

Kila sahani ina jozi yake ya vijiti vyeusi vya kupakulia, na vyako ni vya rangi ya mbao. Tofauti hiyo ilisisitizwa sana China baada ya homa ya SARS ya 2003, ikasisitizwa tena wakati wa korona, na ni nafuu kwetu sote. Mengine unayajua au utayaona: vijiti havisimamishwi ndani ya wali kwa sababu hivyo ndivyo ubani unavyochomwa kwa ajili ya wafu, bakuli haligongwigongwi kwa vijiti kwa sababu ni kazi ya ombaomba, na kioo hakizungushwi mtu akiwa anachota. Mwenyeji akikutilia kipande kizuri bakulini, ukile.

Pombe ni suala nyeti kwa mtu kama mimi, mwanakanisa nisiyeonja. Baijiu inatengenezwa hasa kwa mtama na chupa nyingi zina alkoholi asilimia hamsini na kitu. Inanywewa kwenye vibilauri vidogo, na mtu akisema ganbei anatarajia kibilauri kiishe. Nilimweleza msimamizi mapema. Alichofanya ni hiki: kabla ya chupa kufunguliwa, kibilauri changu kilijazwa chai, waziwazi, kila mtu akiona, ili wakati wa kuinuka nisiachwe nimekaa na mikono mitupu. Mzee aliponiinukia nilishika kwa mikono miwili, nikakishusha ukingo wangu chini ya wake. Naye akashusha chake. Tukashuka hivyo mpaka vibilauri vikakaribia kugusa meza, na meza nzima ikacheka kwa furaha. Hakuna aliyenilazimisha, kwa sababu heshima ilikuwa imeshatolewa.

Zawadi niliitoa hapo: chai yetu ya zambarau, imefungwa kwa karatasi nyekundu. Alikataa, nikasisitiza, akapokea kwa mikono miwili na kuiweka kando bila kuifungua. Usivunjike moyo ukiona hivyo. Kufungua zawadi mbele ya aliyeitoa kunaonekana kama pupa. Saa ya ukutani usimpe kamwe, wala usifunge kitu kwa karatasi nyeupe, rangi ya msiba.

Kuhusu bili, mgahawa huu unastahili nyota zake zote. Anayealika ndiye analipa, na mgeni lazima ajaribu kumzuia. Wenyeji wenye uzoefu hawasubiri mvutano huo ufike mezani. Unamwachia msimamizi pesa mapema kwa M-Pesa, unamwambia bili isiingie chumbani. Sahani ya tikiti maji na nanasi inapoletwa, kila mtu anaelewa kwamba shughuli imekwisha. Binti wa mzee alitoka akisema anaenda msalani. Alikuwa anaenda kulipa. Kaunta walimjibu kwa upole kwamba imeshalipwa tangu mchana, na hawakumtajia kiasi. Alirudi anatabasamu, akanitikisia kichwa. Kwingineko nimeona mashine ya kadi ikiletwa na kuwekwa mbele ya mgeni kwa sababu tu ndiye mwanamume aliyeonekana mzee zaidi.

Bata alibaki nusu. Zamani sahani zilizobaki na chakula zilionyesha kwamba mwenyeji ametosheleza, na bado usiagize kidogo mpaka sahani zikawa nyeupe. Lakini China ilipitisha sheria dhidi ya kutupa chakula Aprili 2021, na mzee mwenyewe ndiye aliyeomba afungiwe. Wakamfungia vizuri, kwenye vyombo viwili, mchuzi mbali.

Sasa malalamiko yangu, na nayasema kwa uchungu kwa sababu naupenda mgahawa huu.

Nilirudi baadaye na wanawake wenzangu wa chama, sote wa Kamukunji, nikitaka waone nilichowasimulia. Tulikaa ukumbi wa chini. Uma zikaletwa bila kuulizwa. Chai ikaja ya pakiti, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Menyu tuliyopewa haikuwa na chewa wala bata. Nilimwita msimamizi pembeni nikamuuliza kwa nini. Akasema wateja Wakenya wengi huomba uma, na menyu ndefu huwachosha. Nikamwambia basi waulizwe, na wakitaka uma waletewe. Heshima niliyoiona chumba cha juu ilikuwa kwenye macho na mikono ya wafanyakazi wale wale, haihitaji mgeni wa ng'ambo ili itoke. Mji huu una kumbukumbu. Machi 2015 mgahawa mmoja wa Kichina huko Kilimani ulifungwa na serikali baada ya kugundulika kwamba ulikuwa unawazuia Waafrika kuingia jioni. Hapa Hurlingham hakuna kitu cha namna hiyo, na itakuwa dhuluma kuwafananisha. Lakini mteja mweusi wa Nairobi anapopewa menyu fupi bila kuulizwa, anakumbuka. Msimamizi alisikiliza bila kujitetea zaidi, akatuletea menyu ya juu na vijiti, na chai ya pili ilikuwa ya majani. Natumaini itabaki hivyo hata nisipokuwepo, na ukienda chini, iombe.

Jambo la pili ni moshi. Kupeana sigara na kuwashiana ni sehemu ya urafiki wa kibiashara kwa wanaume wengi wa China, na mgahawa una roshani ya kazi hiyo. Lakini chumba cha jirani walivuta humo humo ndani, na harufu ikapenya kwetu samaki akiwa mezani. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007, na msimamizi anayejua kugeuza mdomo wa birika anaweza pia kumwambia mteja aende roshani.

Gharama: chumba cha juu hakina malipo yake, mradi meza ifikishe shilingi 15,000. Chewa ni 3,800 kutegemea uzito, nusu bata 2,600, na chai ya dancong 1,500 kwa meza nzima, ukiongezewa maji mpaka mtakapoinuka. Maegesho ni ya magari sita hivi, kwa hivyo mgeni mleteni kwa teksi, nawe ufike kabla yake umpokee getini. Piga simu siku moja mapema, utaje mkoa wa mgeni, na uulize kama chewa ameshafika kutoka Mombasa. Jumatatu mara nyingi hayupo, na watakupa tilapia.